Kesho Inapanda

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi amechemsha tena leo, mbele ya soko, watu wote wakiangalia. Shangazi si ndugu yetu, ni gari: jipu kuukuu la dizeli ambalo mume wangu alilinunua likiwa tayari limeshazeeka. Tulimpa jina hilo kwa sababu anakula sana, analalamika kila akiona kilima, na ukipatwa na shida ndiye wa kwanza kufika. Sindano ya joto ilipanda mpaka kwenye wekundu. Mume wangu akaigonga kwa kidole, akasema, "Inadanganya hii."

"Na huu mvuke nao unadanganya?"

Alifungua boneti akabaki ameitumbulia macho injini, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Alhamisi, 6 Machi

Mdogo wangu amepiga simu kutoka mlimani. Muuguzi wa zahanati ya kule amemwambia asithubutu kujifungulia nyumbani. Mimba iliyopita presha ilimpanda ghafla, akaanza kifafa, na wakati huo mvua ilikuwa imeifunga barabara. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Safari hii anatakiwa awe hapa kwangu, karibu na hospitali, kabla ya katikati ya Aprili.

"Njoo sasa hivi, basi," nikamwambia.

"Dada, nani atamgeuza mama mkwe kitandani? Mpaka wifi aje, mwisho wa mwezi."

Mumewe nilimsikia akikohoa tu pembeni. Shemeji yangu huyu maneno yake ni ya kupimiwa kwa kijiko, na mimi, niseme ukweli, sijawahi kujua kama anafikiri sana au hafikiri kabisa.

Gari la kufika kwao mvua ikishachanganya ni moja tu katika ukoo wetu wote. Ni huyo anayechemsha sokoni.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua ya kwanza. Tumejaza maji kwenye rejeta asubuhi, jioni yamepungua. Chini ya gari pakavu. Maji yanakwenda wapi?

Jumanne, 11 Machi

Tumempeleka Shangazi kwa fundi. Jina lake watu wameshalisahau, wanamwita Fundi Kesho, na yeye mwenyewe anaitika. Gereji yake ni paa la mabati juu ya nguzo, sakafu nyeusi kwa oili, na kiti kimoja cha gari kisicho na gari, ambacho ni cha mteja. Nilikaa hapo na suruali ya mtu niliyokuwa naipindia miguu, maana ushonaji haungoji.

Fundi alitia kidole kwenye kifuniko cha oili akanionyesha. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Mama, maji yako yako humu. Gasketi ya silinda hedi imeungua. Maji na oili vinaonana."

"Ni kifuniko cha rejeta tu," alisema mume wangu. "Kimelegea, hakishiki presha."

"Bosi, kifuniko hakipiki chai."

Nilicheka, mume wangu akanuna. Tukiwa njiani kurudi akaniambia fundi anajitafutia kazi isiyokuwepo. Jioni, alipotulia, akasema labda fundi anasema kweli. Halafu wakati wa kula akarudi kwenye kifuniko. Leo nitalala na watu wawili kitanda kimoja.

Jumatano, 12 Machi

Nimeuliza gari. Kesho.

Alhamisi, 13 Machi

Kesho.

Jumapili, 16 Machi

Kesho imefika. Silinda hedi imefunguliwa, imepelekwa kwa wachonga vyuma kunyooshwa uso, maana ilikuwa imepinda. Fundi alinionyesha gasketi ya zamani: sehemu katikati ya silinda ya pili na ya tatu imeliwa. Basi nikafurahi. Ugonjwa umeonekana kwa macho, una mahali pake, unashikika. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Jumatano, 19 Machi

Sijui nianzie wapi.

Shangazi alirudi leo mchana akiwaka vizuri, hana moshi mweupe, hatetemeki. Mume wangu akasema twende tukamjaribu barabara ya juu. Tulipoanza kilima, sindano ikapanda. Nikamwambia simama. Akaigonga kwa kidole. "Gasketi mpya, hedi imenyooshwa, itachemshaje? Inadanganya." Akakanyaga mafuta. Nikasikia mlio ndani ya injini, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Halafu akabisha bila adabu. Halafu kimya, na gari likasimama kama limegonga ukuta.

Tulivutwa na kamba mpaka gereji. Fundi alijaribu kuizungusha injini kwa spana kubwa, akaning'inia nayo mwili mzima. Haikusogea hata unywele.

"Imenoki," alisema. Imekamata, haizunguki tena.

Mume wangu alikaa kwenye kile kiti cha mteja akashika tama. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia na yote yalikuwa makali. Nilipomwona alivyokaa, nikayameza.

Alhamisi, 20 Machi

Asubuhi mume wangu alikuwa akiongea na simu uani: "Ndiyo, Shangazi amekufa. Jana. Ghafla tu, kilimani." Haukupita muda jirani akaingia amejitanda khanga kichwani, macho yamelowa, akanikumbatia akaniuliza maiti inasafirishwa lini. Nilipomweleza hakucheka. Alisema kwa hasira kwamba watu wenye akili hawaliiti gari shangazi, akaondoka. Nimebaki sijui nimwombe radhi kwa lipi.

Jumanne, 25 Machi

Injini imeshushwa. Iko chini, juu ya matairi mawili, na pale ilipokuwa pameachwa tundu ambalo mtu anaweza kusimama ndani. Fundi ameipasua yote. Bloku, yaani mwili wenyewe wa injini, ina ufa mwembamba, unaanzia pembeni mwa silinda ya tatu.

Sasa nani aliyeua? Fundi anasema ufa ulikuwepo tangu zamani, ndio ulioanza kuunguza gasketi. Mume wangu anasema fundi hakukaza nati za hedi kwa mpangilio. Mimi nasema ni mguu wa mume wangu juu ya pedeli. Nimewasikiliza wote, na mimi mwenyewe nikajisikiliza, na kila mmoja anaonekana kusema kweli mpaka mwingine afungue mdomo. Nilidhani kuona ugonjwa kwa macho ndiyo kuujua. Kumbe tuliona mmoja, na mwingine ulikuwa chini yake umejificha.

Lililo wazi ni moja: inatakiwa injini nyingine, na tumbo la mdogo wangu halina breki.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua usiku na mchana. Wifi amefika mlimani. Shemeji alipanda mpaka kwenye mgongo wa kilima, ndipo mahali pekee simu inaposhika kule, akaniambia kuna trekta la shamba la jirani litakaloteremsha mahindi Jumatatu ya tarehe 7, na baada ya hapo halishuki tena mpaka matope yakauke. Anaweza kumpakia mkewe juu ya magunia.

"Juu ya magunia? Na hilo tumbo?" nikamwuliza.

"Kama gari halipo."

"Gari litakuwepo, shemeji."

"Sawa."

Hiyo "sawa" yake inanipandisha hasira. Mke wake, mtoto wake, na yeye anasema sawa kama ameulizwa atakunywa maji au la.

Alhamisi, 3 Aprili

Injini imepatikana. Ni ya gari dogo la mizigo lililopinduka, fundi ameisikiliza ikiunguruma kabla haijatolewa na anasema ni nzima. Ni ndugu na ya kwetu, si pacha. Inaingia kwenye giaboksi yetu bila ubishi, lakini vile vipira vinavyoibeba injini havikai mahali pake, na bomba la rejeta linatokea upande wa pili. Fundi amekata, amechomelea, amekata tena alichochomelea. Mume wangu ameacha kuzozana naye. Leo nimewakuta wote wawili wamelala chini ya Shangazi, miguu imechomoza, wanabishana kwa upole kama watu wa nyumba moja.

"Mama," fundi akaniita kutoka chini, "kesho kutwa namaliza vibebeo. Jumatatu inapanda."

Hivyo ndivyo mafundi wanavyosema. Injini ikitolewa imeshuka, ikirudishwa imepanda. Siku zote hizi nimeshajifunza lugha yao.

Jumapili, 6 Aprili

Shemeji amepiga jioni. Mvua ilikuwa inapiga bati, upepo nao unavuma kwake huko juu, na simu inakatika maneno. Nilisikia "...muuguzi..." kisha "...inapanda..." Nikajua anauliza habari ya injini, kwa sababu niliwahi kumwambia mdogo wangu kwamba ikipanda tu tumemaliza kazi. Nikapaza sauti:

"Ndiyo, shemeji! Kesho inapanda! Fundi kasema kesho inapanda!"

Simu ikakwaruza. Halafu nikamsikia wazi kabisa: "Kesho?"

"Kesho asubuhi!"

"Sawa," akasema. "Basi tunangoja."

Nikakata simu niwahi kumalizia sare za wanafunzi. Nimeandika haya nikiwa na furaha, kwa mara ya kwanza tangu injini inoki.

Jumatatu, 7 Aprili

Imepanda. Waliivuta juu kwa mnyororo, ikaning'inia, ikashuka polepole kwenye tundu lake huku fundi akiisukuma kwa nyonga. Ilikaa mchana. Haikuwaka. Hewa imeingia kwenye njia ya dizeli, wakaitoa, haikuwaka. Stata ikachoka. Betri ikachoka. Fundi akasema lile jina lake, na leo hakuna aliyecheka.

Nimejaribu kumpigia shemeji, hapatikani. Si neno, sikumtajia saa wala siku ya kumfuata, nikajisemea. Trekta nalo lilikuwa leo, nadhani wamepanda hilo. Lakini jioni imefika na hawajatokea hapa. Nimetoka barabarani kutazama. Nimerudi. Nimetoka tena.

Jumatano, 9 Aprili, hospitali

Nipo kwenye benchi la ukumbini. Naandika ya jana ili mkono uwe na kazi.

Shangazi aliwaka jana asubuhi na mapema. Mlio wake si ule, ni wa mtu mwingine kabisa, mzito, kama mgeni anayekohoa chumbani kwako. Tuliondoka hapo hapo, mimi na mume wangu, bila hata kufunga boneti vizuri. Tulipita barabara ya lami, tukapita matope ya kwanza, tukaanza kupanda. Na sindano ikapanda.

Ilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye wekundu ikakaa. Mume wangu alikanyaga breki, akazima, akaweka paji la uso juu ya usukani.

"Safari ile sikuiamini, nikaua injini," alisema. "Leo naiamini. Hatuendi."

"Hakuna mvuke."

"Hata siku ile kilimani hakukuwa na mvuke."

Ni kweli, hakukuwa na mvuke. Nilishuka kwenye matope, nikafungua boneti, nikashika bomba la juu la rejeta. Lilikuwa vuguvugu. Nikaendelea kulishika. Nikamwita aje ashike na yeye.

"Si moto," akasema.

"Basi?"

"Basi sijui."

"Na mimi sijui. Twende."

Nadhani alitaka nimwambie kitu cha uhakika, na mimi sikuwa nacho. Nilichokuwa nacho ni kiganja kisichoungua. Aliwasha gari, nikafunika ile sindano kwa mtandio wangu ili asiione, na kila baada ya kona alisimama, mimi nikashuka kushika bomba. Hivyo ndivyo tulivyopanda. Kama mkono wangu ungekuwa umekosea, tungekwama huko huko.

Kabla hatujafika kwenye kijito tuliwaona. Wanaume watatu, wamelowa, wamebeba mlango. Mlango wa chumba, wenye rangi ya kijani, bawaba bado zinaning'inia. Juu yake godoro, na juu ya godoro mdogo wangu, amefunikwa turubai. Mbele, akiwa amebeba pembe mbili peke yake, mtu wa "sawa".

Mdogo wangu alinishika mkono. Uso wake ulikuwa umevimba, macho yamekuwa madogo. "Dada, kichwa kinapasuka," alisema. "Naona vitu kama nyota."

"Kwa nini hamkupanda trekta?" nilimpigia kelele shemeji. Nilimpigia kelele kweli. "Kwa nini?"

Alinitazama bila kuelewa. "Wewe ulisema jana gari linapanda. Tukangoja barabarani tangu asubuhi mpaka giza."

"Injini! Nilisema injini inapanda! Inapanda kwenye gari!"

"Mimi nilikuwa nakwambia presha," akasema. "Muuguzi alipima, akasema inapanda. Nikakwambia presha inapanda. Wewe ukasema kesho asubuhi. Nikajua mnapanda kutufuata, na trekta lingemtikisa. Nikaliacha liende."

Mvua ilikuwa inatunyeshea, Shangazi ananguruma kwa sauti yake ya kigeni, na mimi nimesimama katikati ya barabara natafuta nani wa kumlaumu, simwoni. Alisema kweli. Nilisema kweli. Mdogo wangu akakaa siku nzima kwenye mvua kwa ajili ya kweli mbili.

Tulimwingiza nyuma pamoja na mlango wake, maana hatukutaka kumnyanyua kutoka juu ya godoro. Shemeji alikaa sakafuni, akakishika kichwa cha mkewe kisigonge. Njia nzima alikuwa akimwongelesha. Huyo mtu ninayesema maneno yake ni ya kijiko! Alimsimulia mbuzi alivyokula khanga ya wifi, alimtajia majina ya watoto wa jirani mmoja mmoja, alimwuliza maswali ya kipuuzi ili ajibu, asilale. Alipoishiwa alianza upya na yule mbuzi. Nilikaa mbele na mtandio wangu juu ya dashibodi, nikilia kimya kimya, nikimsikiliza mtu niliyekuwa sijamsikia hata siku moja.

Hospitalini walimchukua mbio. Wakampasua jioni ile ile. Mtoto wa kike, mdogo, ana sauti. Mama yake hajaamka vizuri, presha wanaishusha kidogo kidogo. Daktari hataki kuahidi, na mimi nimeacha kumbana.

Alfajiri nilimwambia shemeji, "Nisamehe. Nilikata simu haraka."

Alifikiri. Sasa najua kwamba huwa anafikiri.

"Shemeji, mimi sikujua vizuri nini kinapanda," alisema. "Nilijua tu kwamba wewe ukisema, unakuja."

Nimehamia benchi hili la pili ili asinione uso.

Alhamisi, 10 Aprili

Amefumbua macho. Ameuliza mlango wake uko wapi.

Ijumaa, 11 Aprili

Fundi amekuja kumtazama Shangazi kwenye uwanja wa hospitali. Kile kidude kinachopima joto ni cha ile injini ya gari la mizigo, na dashibodi yetu haikielewi. "Injini inasema vuguvugu, saa ya dashibodi inasikia moto," akasema. "Hakuna mwongo hapo, mama." Mume wangu akauliza, basi siku ile sokoni sindano ilikuwa ikisema kweli? Ndiyo. Na kilimani? Ndiyo. Na Jumanne? Hapana. Mume wangu akaketi tena akashika tama. Fundi atabadilisha kidude hicho. Lini, sihitaji kuuliza.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua imepungua. Mdogo wangu na mtoto wameruhusiwa. Shemeji, aliyekuwa amerudi kwa mama yake, amepiga kutoka kwenye mgongo wa kilima. Upepo ulikuwa unavuma kama kawaida.

"Shemeji," akasema, "kesho inapanda?"

"Nini?"

Akacheka. Sikujua kama huwa anacheka. "Gari."

"Gari linapanda. Na mkeo anapanda, na mtoto anapanda, na mlango wenu unapanda, tumeufunga juu kwa kamba."

"Na presha?"

"Imeshuka, shemeji. Imeshuka kabisa."

Sikukata simu. Nilingoja mpaka aliponirudishia yote, polepole, moja baada ya jingine: gari, mke, mtoto, mlango vinapanda, presha imeshuka. Nikamwambia rudia tena. Akarudia.